Kijiko cha mdalasini kina gramu ngapi?

Shangazi yangu ana kisukari. Kila asubuhi na jioni hukoroga kijiko cha chai cha unga wa mdalasini kwenye maji ya uvuguvugu. Nilipomuuliza kipimo, alinishangaa: "Hiki ni kiungo, mwanangu, si sumu."

Hoja yake ina uzito. Mdalasini umo kwenye pilau na chai zetu tangu enzi za mababu, na kijiti kimoja kwenye birika la nyumba nzima hakimtishi mtu. Ndiyo maana anayeuliza kipimo huonekana anadharau dawa za asili. Hapo anaonewa, maana kijiko si kijiti. Kile cha shangazi, alivyokijaza mpaka kikafanya kilima, nilikiweka kwenye mizani ya jikoni: gramu 4. Kwa siku, gramu 8.

Mdalasini mwingi madukani duniani ni wa aina iitwayo kasia, nao una kumarini, kemikali inayoweza kudhuru ini la baadhi ya watu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya imeweka kikomo cha kila siku: miligramu 0.1 kwa kila kilo ya mwili. Shangazi ana kilo 70, kwa hiyo kikomo chake ni miligramu 7. Gramu moja ya kasia hubeba wastani wa miligramu 3 hivi. Gramu zake 8 zinafika 24. Zaidi ya mara tatu! Kwa wiki moja au mbili lisingekuwa jambo kubwa, lakini yeye yuko mwaka wa pili. Na mtoto wa kilo 15 hufika kikomo kwa nusu gramu tu.

Aina nyingine, mdalasini wa Ceylon (yaani Sri Lanka), unaolimwa pia Zanzibar, una kumarini kidogo mno. Kijiti chake ni maganda mengi membamba yaliyoviringishwa pamoja, huvunjika kwa vidole. Kasia ni gome moja nene. Ukishasagwa, macho hayasaidii.

Wanaosema mdalasini hushusha sukari hutaja utafiti wa Pakistan wa 2003. Wagonjwa 30 walipewa gramu 1, 3 au 6 kwa siku, kwa siku 40. Sukari ilishuka katika makundi yote matatu, na gramu 6 hazikuishinda gramu 1. Tafiti zilizofuata zimepishana, lakini hata tukiukubali huu wote, gramu 7 za ziada zinampa shangazi nini?

Jumamosi nilimpelekea vijiti vya Pemba. Unga ameuweka kando, na kliniki ijayo atamweleza daktari, apimwe na ini.