Bo Burnham alishuka jukwaani. Vijana wetu watashuka lini?

Kati ya wachekeshaji wote waliotolewa na mtandao, ninayemwamini zaidi anapoulaumu ni Mmarekani Bo Burnham. Namwamini kwa sababu ndio uliomlea. Desemba 2006, akiwa na miaka 16 katika mji mdogo wa Hamilton, Massachusetts, alijirekodi chumbani akiimba nyimbo za mzaha, akazipandisha YouTube ili kaka yake aliyekuwa chuoni azione. Watu asiowajua wakazitazama kwa mamilioni. Alipata nafasi ya kusomea uigizaji katika Chuo Kikuu cha New York lakini hakwenda, maana kazi alikuwa nayo tayari. Kufikia miaka 18 alikuwa amerekodi kipindi chake cha nusu saa katika Comedy Central, kituo cha televisheni cha vichekesho cha Marekani, umri ambao hakuna mchekeshaji mwingine aliyekuwa amekipata akiwa nao.

Hadithi ya aina hiyo inapendwa sana hapa Kisumu. Kijana wa Kondele au Nyalenda mwenye simu na bando la siku anajua kwamba mtu anaweza kutoka chumbani kwao hadi duniani bila kushikwa mkono na mkubwa yeyote. Ni kweli. Ila wengi tunaisimulia hadi hapo tu, na kilichofuata ndicho chenye faida zaidi kwetu.

Mwaka 2013 Burnham alitoa kitabu cha mashairi, Egghead. Mwaka huo huo akaigiza katika kipindi cha MTV kuhusu kijana aliyemaliza shule ya upili, akatumia akiba yake kuajiri wapiga picha wamfuate kila mahali, akiamini kwamba kamera zikiwepo umaarufu utakuja wenyewe. Kilidumu msimu mmoja. Kwa maoni yangu ni kazi yake iliyopuuzwa isivyostahili, kwa sababu siku hizi kijana yule hana haja ya kuajiri mtu. Katika miaka hiyo pia Burnham alianza kushikwa na hofu ya ghafla akiwa jukwaani, mbele ya watu waliolipa waje wacheke. Ndipo katika onyesho lake Make Happy, 2016, akaweka mzaha kando karibu na mwisho na kuwaambia watu wazi kwamba mitandao ya kijamii ni jibu la soko kwa kizazi kilichotaka kuigiza: sasa kila mtu anamwigizia mwenzake, wakati wote, bila sababu. Anayeweza kuishi bila hadhira, akawashauri, aishi hivyo. Kisha akaondoka jukwaani kwa miaka.

Najua jibu la vijana wetu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Burnham aliondoka akiwa na jina na pesa, na kwa kijana asiye na kazi, skiti inayotazamwa sana ndiyo kodi ya nyumba na karo ya mdogo wake. Hoja hiyo naikubali yote. Nimewaona vijana watatu kwenye ufukwe wa Dunga wakirudia kipande kimoja tangu jua la saa tisa hadi wavuvi wanajiandaa kuingia ziwani: mmoja amejifunga leso, mwingine amevaa koti la chifu, wa tatu ameshika simu na kuwasahihisha. Ile ni kazi, na wanaifanya kwa bidii kuliko maofisa wengi ninaowajua.

Kinachonikera ni kingine. Nimekaa kwenye matanga kijijini, jeneza linashushwa, msichana mmoja wa ukoo akajirekodi akilia. Akatazama alichorekodi, akafuta machozi, akafuta na video, akageukia upande wenye mwanga mzuri, akaanza kulia upya. Sina shaka kwamba alimpenda bibi yake. Lakini hata kilio hakikuwa tena chake na bibi. Kilikuwa cha watu wasiomjua marehemu wala kijiji chake. Hilo ndilo Burnham alilokuwa akisema. Mchekeshaji wa Dunga anajua anaigiza na anajua anaigiza kwa nini. Msichana yule hakuna aliyemlipa, na hakuna aliyemwambia kwamba yuko kazini.

Wazee wetu wa uigizaji walikuwa na mlango wa kutokea. Marehemu Benson Wanjau, Mkikuyu, alimwigiza mzee wa Kijaluo katika Vitimbi kwa miaka mingi hadi nchi nzima ikamwita Mzee Ojwang. Kipindi kikiisha, Ojwang alibaki kwenye televisheni na Wanjau akaenda zake nyumbani.

Burnham alipoongoza filamu Eighth Grade, 2018, hakumfanya nyota wa mtandaoni kuwa mhusika mkuu. Alimchagua binti wa miaka 13 anayetoa video za kuwashauri wenzake wajiamini, video ambazo karibu hakuna anayezitazama, ilhali shuleni mwenyewe haongei. Wakati wa korona akajifungia katika chumba kimoja, akajipigia picha na kujipangia taa peke yake, na matokeo yakawa onyesho la Inside, 2021, lililompa tuzo tatu za Emmy, tuzo kubwa za televisheni za Marekani. Kuna kipande ambamo anatoa maoni kuhusu video yake, kisha analazimika kutoa maoni kuhusu maoni hayo, kisha kuhusu hayo ya pili, na kila safari anazidi kujichukia. Walimu wa fasihi wangekionyesha kipande hicho darasani, wanafunzi wangekielewa mara moja.

Sisemi mitandao ifungwe. Aprili 2025, wanafunzi wa Butere Girls walipofika Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la drama na mchezo wao ukaandamwa na polisi, ni simu zilizoijulisha nchi. Lakini wasichana wale walikuwa wamesafiri kutoka Kakamega kutafuta jukwaa halisi, lenye watu waliokaa mbele yao. Waliimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza, na hadi leo linaniuma, kwa sababu jukwaa la aina hiyo ndilo tungewapa vijana wengi zaidi.

Tunao ukumbi wa Mama Grace Onyango hapa mjini. Kaunti iwape wachekeshaji wachanga usiku mmoja kila wiki, kwa ada ndogo au bila ada, walipishe kiingilio cha shilingi mia na wagawane mapato usiku ule ule. Simu waruhusiwe kutumia kutangaza onyesho. Likianza, ziwekwe mfukoni, za watazamaji na za wachekeshaji wenyewe.