Magofu ya Port Arthur Yasigeuzwe Bustani

Kati ya mwaka 1788 na 1868 Uingereza iliwasafirisha wafungwa zaidi ya 160,000 hadi Australia, wengi wao kwa makosa ya wizi. Adhabu yenyewe haikuishia kwenye kazi ngumu, kwa sababu hata aliyemaliza kifungo chake cha miaka 7 mara nyingi hakuwa na nauli ya kurudi kwao, na hivyo mkewe, watoto wake na wazazi wake aliowaacha hawakumwona tena.

Port Arthur, katika kisiwa cha Tasmania, ilianzishwa mwaka 1830 kama kambi ya kukata mbao, kisha ikawa gereza la waliofanya makosa mengine wakiwa tayari wako ugenini. Leo ni mahali pazuri mno: ghuba imetulia, nyasi zimekatwa, na miti ya Kiingereza imetanda kando ya kuta za mawe. Uzuri huo ndio unaonitia wasiwasi, kwa kuwa mgeni anaweza kuzunguka kutwa nzima, akapiga picha na kuondoka bila kufahamu watu walitendwa nini pale.

Ningekuwa na mamlaka, kila mgeni angeanzia katika gereza la upweke lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1840 kwa kufuata mfano wa gereza la Pentonville, London. Wakuu wake waliamini kwamba mjeledi huumiza mwili tu, ilhali ukimya huibadili nafsi. Basi mfungwa alifungiwa peke yake kwa saa 23 kila siku, akaitwa kwa namba badala ya jina, na alipotolewa nje alivishwa kofia iliyomfunika uso ili asitambuliwe na mwenzake. Hata kanisani kila mmoja alisimama ndani ya kizimba chake cha mbao, akimwona mhubiri bila kumwona aliye ubavuni pake. Baadaye hospitali ya wagonjwa wa akili ilijengwa jirani kabisa na gereza hilo, na kwangu mimi ujirani huo ni ushahidi mzito kuliko maelezo yoyote ya kibaoni. Ng'ambo ya ghuba, huko Point Puer, palikuwa na gereza la wavulana tangu mwaka 1834 hadi 1849, na baadhi yao hawakuwa wametimiza hata miaka 10.

Gereza la Port Arthur lilipofungwa mwaka 1877, wakazi wengi walitaka lisahaulike. Jina la mahali hapo likabadilishwa kuwa Carnarvon, baadhi ya majengo yakauzwa na kubomolewa, na mioto ya mwaka 1895 na 1897 ikateketeza mengine. Ninaielewa aibu yao, maana hakuna apendaye kuitwa mjukuu wa mwizi, lakini kubomoa kuta hakukumwondolea yeyote babu yake. Kwa bahati njema kumbukumbu za maandishi zilisalia, zikieleza kimo cha kila mfungwa, rangi ya macho yake na michoro aliyochanjwa mwilini, na leo wajukuu wanazipekua kwa fahari ili wawajue wazee wao.

Mwaka 2010 UNESCO iliorodhesha maeneo 11 ya wafungwa nchini Australia kuwa urithi wa dunia, Port Arthur ikiwemo. Ninaunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote, ila orodha hiyo haina Wybalenna, kambi ya kisiwa cha Flinders ambako serikali iliwapeleka wenyeji wa asili wa Tasmania katika miaka ya 1830, wakafa kwa maradhi na majonzi hata wakabaki 47 tu walipohamishwa tena mwaka 1847. Hao hawakuwa wameiba chochote. Wao ndio walioporwa ardhi ambayo wafungwa waliletwa kuilima na kuijenga. Habari zao zinastahili kuandikwa kwenye lango la Port Arthur, kwa herufi kubwa sawa na zile zinazowaeleza wafungwa.