Sikukimbia, Nilifuata Spana

Mlioletewa ile klipu ya sekunde 40 kwenye magrupu, naomba mniazime dakika kumi. Aliyeirekodi ni mtu niliyempakia mwenyewe, kwa mafuta yangu, kakaa nyuma na bahasha ya posa mapajani kama kapakata mtoto mchanga. Na yale maneno aliyoyaweka chini, "mshenga akimbia posa ya mdogo wake", ni uongo. Sikukimbia. Nilikuwa nafuata spana namba kumi. Kanzu ukiikunja mkononi ukaenda haraka haraka, kwa mbali unaonekana unakimbia.

Tuanze na pikipiki, maana ndiyo imebebeshwa lawama zote.

Ni ile ya Kichina ya cc 125 niliyoinunua mkononi mwa mtu. Muuzaji aliniambia haina tatizo, ni betri tu imechoka. Mkimsikia muuzaji anasema "betri tu", jueni betri ndiyo kitu pekee kizima. Jioni naiacha na volti 12.7, asubuhi nakuta 12.1, ikilala siku mbili starta inalia tik-tik-tik na taa zinafifia. Nikafanya kile ninachowaambieni humu kila siku kuhusu umeme wa pikipiki: funguo imezimwa, nikafungua waya wa hasi, nikaiweka multimita katikati ya ule waya na betri, upande wa ampea 10. (Ukishaiweka hivyo usiguse starta! Yule ndugu aliyeniandikia kwamba mita yake "imekufa ghafla", pole, kama ndani yake kuna fyuzi, ibadilishe.) Ikasoma miliampea 300. Pikipiki kama hii ikilala inatakiwa isome sifuri, au miliampea moja mbili ukikosa sana. Piga hesabu: 300 kwa saa 12 ni ampea-saa 3.6, na betri yenyewe ni ya 7. Yaani nusu ya betri inanyonywa kila usiku, mimi nakoroma.

Kumtafuta mnyonyaji si kazi kubwa. Funguo ikizimwa, vinavyobaki na umeme ni vichache: rilei ya starta (swichi inayowashwa na umeme badala ya kidole), swichi ya funguo, rektifaya (inayogeuza umeme wa magneti uweze kuchaji betri, na kuuzuia usizidi), na alamu kama mwenyewe wa kwanza alikuwa mtu wa wasiwasi. Unachomoa soketi moja moja huku jicho liko kwenye mita. Nikachomoa alamu, 300 palepale. Nikachomoa rektifaya, sifuri. Diodi zake, zile zinazotakiwa kupitisha umeme upande mmoja tu, zilikuwa zinavuja, umeme unarudi kinyumenyume kwenye koili za magneti. Nikaweka mpya, nikawasha, nikapandisha resi: volti 14.2. Hapo ndipo panapotakiwa. Ikivuka 15 rektifaya haizuii tena, andaa hela ya balbu na betri. Ikiganda 12 na ushee ujue haichaji.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu wa heshima zake.

Tatizo ni honi. Ilikuwa inalia kama mbuzi mwenye mafua, na Jumamosi natakiwa Muheza kupeleka posa ya mdogo wangu, barabara ile ina malori hayamwoni mtu. Nikapima kwenye honi yenyewe huku nimebonyeza kitufe: 9.1. Kwenye betri wakati huohuo: 12.5. Karibu volti tatu na nusu zimepotelea njiani, kwenye swichi ya funguo na soketi zilizoota kutu ya kijani. Dawa yake inajulikana. Ama usafishe hizo soketi, ama ufunge rilei: mguu wenye namba 30 kutoka betri kupitia fyuzi, 87 kwenda honi, 86 kwenye ule waya wa zamani wa swichi, 85 kwenye kitufe. Nimewachorea mchoro huo mara tatu. Nilikuwa na kila kitu isipokuwa rilei, na ilikuwa Ijumaa jioni, duka limefungwa.

Sasa sikilizeni ujinga wa msomi. Nikavuta waya moja kwa moja kutoka chanya ya betri hadi kwenye honi. Bila rilei. Bila fyuzi. (Ndiyo, mimi niliyeandika kwamba waya wa betri usio na fyuzi ni utambi. Msinikumbushe.) Na kwa kuwa umeme sasa ni mwingi, nikaitoa ile honi ya mbuzi, nikafunga mbili za gari zenye umbo la konokono nilizozipata kwenye spea za kuchomolewa. Nikajiambia ni ya muda, Jumatatu nafunga rilei.

Kuna dalili moja niliipuuza. Tangu nainunua, nikikata kona kali ya kushoto, honi ilikuwa inatoa "pi!" moja fupi. Nikadhani ni kidole gumba kimegusa kitufe. Mafundi mnaosoma hapa najua mmeshaanza kucheka. Chekeni taratibu.

Tukafika Muheza. Wazee wetu wametangulia na Noah, wameshakaribishwa barazani, jamvi limetandikwa, mabuibui yanapitapita ndani. Babu wa binti ameshainua mikono, anaanza dua. Mimi kwa adabu zangu nilizima injini tangu njia panda ya nyumba, nikaisukuma pikipiki kwa miguu mpaka chini ya mwembe ili nisiwavurugie. Rafiki yangu akashuka na bahasha. Ugenini, nikasema niifunge usukani, watoto wa mtaani wasije wakaichezea.

Nikapindisha usukani kushoto. Ulipogota mwisho, honi zote mbili zikaachia.

Si pi. Ni PAAAAAAA, mfululizo, kama basi la mkoani limeng'olewa breki. Nikashtuka, nikadhani funguo sijaizima vizuri. Mkono wangu, nawaapia ni mkono siyo mimi, ukaizungusha funguo kulekule ulikokuwa unaelekea. Klik. Nikaichomoa. Nikasubiri ukimya.

PAAAAAAA.

Nikaitazama funguo mkononi. Nikaitazama pikipiki. Fundi mzima nimeshika funguo, na pikipiki isiyo na funguo inapiga kelele. Kuku waliokuwa chini ya mwembe wakapanda juu ya mwembe. Barazani mikono ya dua imebaki hewani, hakuna anayejua aishushe au aitikie amina. Nikakibonyeza kitufe mara kumi, labda kimenasa. Hakijanasa. Nikasema nizichomoe nyaya kwenye honi zenyewe: nilikuwa nimezizungushia tepu nyeusi, mizunguko kama ishirini, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nimefunga tepu ikafungika. Kucha hazipiti. Nikakimbilia kifuniko cha pembeni nifungue betri. Bisibisi ninayo mfukoni, kifuniko kikatoka, na bolti ya hasi ikanitazama: namba kumi. Spana zote ziko Tanga, zimepangwa ukutani kwa ukubwa.

Ndipo harufu ya plastiki inayoungua ikaja. Ule waya mwembamba unaokwenda kwenye kitufe ulitengenezwa kubeba ampea mbili hivi za honi ya mbuzi. Mimi nimeupitishia nane au zaidi.

Na hapo ndipo nilipoelekea kijiwe cha bodaboda ng'ambo ya barabara. Kwa mwendo wa haraka. Najua kwa aliye barazani ilionekanaje: mtu kaja na kanzu nyeupe, kaegesha kitu, kitu kimeanza kupiga king'ora na kutoa moshi, mtu kakunja kanzu na kutokomea. Klipu inaanzia hapo. Sauti mnayoisikia, "Huyo mshenga mbona anatoroka?", ni ya shangazi yake binti. Na ile ya mzee anayesema tarumbeta huwa zinakuja siku ya harusi, siyo siku ya posa, ndiye babu mwenyewe, mikono bado kaiinua. Rafiki yangu badala ya kunisaidia kainua simu.

Kijiweni nikapewa spana bila maswali, na mwenye spana akanifuata ashuhudie. Tukafika tunamkuta mama mzaa binti ameshamwaga ndoo nzima ya maji juu ya tangi, anaomba ya pili. Honi zimelowa, zinalia kwa kukoroma. Nikapiga goti na spana yangu. Yule kijana wa kijiweni akaniangalia kidogo, akasema, "Kaka, hebu nipe funguo." Akafungua lock, akaunyoosha usukani.

Kimya.

Hakugusa spana. Akaupinda kushoto kidogo: paa. Akaunyoosha: kimya. Akanirudishia funguo, akaniuliza kama mimi ni fundi. Nikamwambia hapana.

Yaliyofuata hayana maana, posa ilipokelewa, bahasha ililowa pembeni tu.

Jumapili nikaivua tangi. Kwenye shingo ya usukani, pale fungu la nyaya linapotoka kwenye fremu kwenda mbele, mwenyewe wa kwanza alikuwa amelibana kwa vibanio vya plastiki mpaka nyaya haziwezi kuteleza. Kila ukipinda kushoto zinavutwa na kusuguliwa kwenye ukingo wa chuma. Waya uliochunika mpaka shaba ni ule wa kijani mpauko. Kwenye hizi 125 zilizoiga Honda, honi inapata chanya kwa waya mweusi unaotoka kwenye swichi, na huo wa kijani mpauko unashuka kwenye kitufe. Kitufe kazi yake ni kuugusisha na ethi, yaani fremu iliyoungwa na hasi ya betri, basi. Kwa hiyo waya huo ukigusa fremu popote, ni sawasawa na mtu kabonyeza kitufe. Haukati fyuzi wala hauonyeshi shoti kwenye betri, unapiga honi tu. Na mtu anayefunga usukani anakuwa ameshazima funguo, waya mweusi hauna umeme, ndiyo maana ugonjwa ulijificha miaka yote hiyo. Nilichofanya mimi ni kuondoa swichi ya funguo kwenye njia, nikaufunulia ugonjwa mlango, ukweni, wakati wa dua. Nyumbani naiegesha koridoni kwa stendi ya katikati, usukani umenyooka.

Kuupima ni dakika mbili, dakika ambazo sikuwa nazo wiki nzima. Chomoa waya wa kitufe kwenye honi, weka mita kwenye mlio, ncha moja kwenye waya huo, nyingine kwenye fremu penye chuma kisicho na rangi, kisha pinda usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho. Ikilia hujabonyeza kitufe, umempata. Halafu iwashe injini, rudia kupinda huku unatazama taa na kusikiliza: ikizimika au taa zikipepesa, kuna waya mwingine hapohapo shingoni unaokatika. Jaribio hilo nimewafundisha humu, naona kuna watu thelathini waliandika "ahsante mwalimu".

Kipande kilichoungua nimekikata, nikaunga mwingine kwa risasi ya kulehemu, nikavalisha mpira ule unaosinyaa kwa moto, fungu zima nikaliachia ulegevu wa kutosha usukani upinde pande zote bila kuvuta. Rilei imefungwa, fyuzi ya ampea 15 iko jirani kabisa na betri.

Majibu ya posa yameletwa jana. Mkaja wa mama upo, kilemba cha babu kipo, na chini kabisa, kwa kalamu nyingine na mwandiko mwingine, wameongeza mstari: "Honi, elfu 50." Mdogo wangu ameniambia huo hauhusu mahari yake. Nimelipa.

Na wewe wa kijiweni pale Muheza, spana yako namba kumi ninayo, niliondoka nayo kwenye mfuko wa kanzu. Nitaileta. Kwa daladala.