Msiutwike uvumi kila kitu

Kila zikikaribia siku za afya ya mtoto, Aprili na Oktoba, hapa Busia, upande wa Uganda, huanza wimbo uleule: wazazi wanaficha mabinti zao, wameamini maneno ya mtaani kwamba chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, inafunga kizazi. Redio inasema, mwenyekiti wa kijiji anasema, na sisi tunaojiona tumesoma tunatikisa vichwa. Mimi naona uvumi tumeutwika mzigo ambao si wake wote.

Uvumi upo, sibishi. Mwaka 2014 maaskofu wa Kikatoliki wa Kenya walipotilia shaka chanjo ya pepopunda iliyolenga wanawake wa umri wa kuzaa, maneno yale hayakusimama mpakani kugongewa muhuri. Kisha Novemba 2015 serikali yetu ikaanza kuchanja nchi nzima wasichana wa miaka 10. Wasichana tu, wavulana wamebaki wanatazama. Mzazi akiuliza "mbona binti yangu tu?" ana haki ya kuuliza. Kirusi chenyewe kinawapata wote, ila saratani kubwa kinayoleta ni ya mlango wa kizazi, na fedha zikiwa chache unaanza na aliye hatarini zaidi. Australia, ambako fedha zipo, wavulana nao wanachanjwa tangu 2013. Nimewaeleza wazazi kadhaa hivyo, na sijaona aliyeng'ang'ania kukataa. Shida ni kwamba mara nyingi hakuna aliyekaa nao kuwaeleza: mtoto analeta habari jioni, sindano ni kesho asubuhi.

Lakini tuseme kesho uvumi wote uishe. Wapo wasichana ambao bado hawatachanjwa, kwa sababu tunawatafuta mahali wasipokuwepo: kwenye daftari la mwalimu.

Mpango huu haukuanza kijingajinga. Kabla ya 2015 ulijaribiwa wilaya mbili. Ibanda walifuata darasa, Nakasongola wakafuata umri. Ibanda walifanikiwa zaidi, na sababu yake kila mama wa hapa anaijua: tarehe ya kuzaliwa si kila nyumba inaikumbuka, ila darasa la mtoto linajulikana. Kwa hiyo shule ikawa mlango mkuu wa chanjo. Aliye nje ya shule yumo kwenye mpango, kwa maandishi. Kwa vitendo anasubiri mtu wa kumtafuta.

Nenda soko la hapa siku ya gulio uone. Kuna kasichana kanauza mayai ya kuchemsha kwenye ndoo, chumvi na pilipili vimefungwa kwenye karatasi, kanapenya katikati ya malori na wabeba mizigo. Ukimkadiria ana miaka 11, labda 12. Huyu ndiye atakayeolewa mapema, ndiye atakayezaa mapema, ndiye asiyekuwa na wa kumwambia dereva wa lori aondoe mkono. Na ndiye ambaye daftari halimjui. Mwenzake wa darasa la nne, mwenye sare na baba mwenye duka, ameshachanjwa.

Halafu ikaja korona. Shule zilifungwa Machi 2020, zikaja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022. Ukifunga shule kwa karibu miaka miwili umefunga pia mlango wa chanjo, tena wakati uleule mabinti wengi walipopata mimba. Waliokuwa na miaka 10 wakati ule sasa wamevunja ungo, wengine wana watoto mgongoni.

Umri wa miaka 10 una sababu yake. Chanjo inakinga, haifukuzi kirusi kilichokwisha kuingia. Na HPV huenea kwa kugusana wakati wa ngono, ni ya kawaida mno, kiasi kwamba wengi walioanza ngono huipata wakati fulani bila kujua. Kwa hiyo dada zangu, mkiambiwa mna HPV msidhani mmepigwa chapa ya umalaya. Mara nyingi mwili wenyewe unaiondoa ndani ya miaka miwili. Hatari ni ile inayokataa kutoka, hasa aina namba 16 na 18, ambazo ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani hii. Huchukua miaka 15 hadi 20 kufika huko. Kwa mwenye VVU ambaye hajatibiwa inaweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu.

Nchini mwetu wanawake takriban 7,000 hugunduliwa na saratani hii kila mwaka, na zaidi ya 4,000 hufa. Wengi hufika hospitali ya Mulago, Kampala, wamechelewa. Mwaka 2016 mashine pekee ya kutibu saratani kwa mionzi nchini iliharibika, na hadi mpya inaanza kazi ilipita zaidi ya mwaka. Aliyekuwa na uwezo alivuka kwenda Nairobi.

Mwanzoni chanjo ilikuwa sindano mbili, miezi sita katikati, na wengi waliopata ya kwanza ya pili hawakuipata. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani likasema dozi moja inakubalika kwa wasichana wa miaka 9 hadi 20. Ushahidi mmojawapo ulitoka hapo jirani Kenya, kwa wasichana wa miaka 15 hadi 20: dozi moja ilizuia maambukizi sugu ya aina 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 95. Kwangu hiyo ni habari kubwa kuliko zote, maana muuza mayai unahitaji kumpata mara moja tu. Sanduku la barafu, muuguzi mmoja, kivuli cha mwembe siku ya gulio.

Saluni ninakosuka, binti anayenisuka aliniuliza, "Dada, mimi nilishazaa. Hiyo si ya watoto?" Ana miaka 19. Nilimwambia ukweli: bado inaweza kumsaidia kwa aina ambazo hajakutana nazo, lakini ya bure imepangiwa wadogo, na hospitali binafsi bei yake itamla mshahara. Akacheka tu, akaendelea kusuka. Akifika miaka 30 aanze kupimwa, na mwenye VVU aanze 25. Kipimo cha siki hakina makubwa: mlango wa kizazi unapakwa, penye kasoro panageuka weupe, na mara nyingi panachomwa kwa joto siku hiyohiyo. Hata aliyechanjwa apimwe.

Kuwakosa wasichana wanaoishi na VVU ndiko kunakonikera zaidi, maana kwa hao hatuna cha kusingizia. Wao wanahitaji dozi mbili, ikiwezekana tatu, na tayari wanakuja kliniki kuchukua dawa. Majina yao yapo, tarehe zao za kurudi zimeandikwa, na friji ya chanjo mara nyingi iko jengo hilohilo. Mganga mkuu wa wilaya akitaka pa kuanzia kabla ya Oktoba, aanzie hapo, kisha atupangie muuguzi wa sokoni. Redio iendelee na uvumi wake.