Kuna dada mmoja alitumia akapona

Huku kwenye magrupu ya familia daktari mwenye nguvu kuliko wote ni "kuna dada mmoja alitumia akapona". Hana jina, hana hospitali, ila akishatajwa tu mjadala wa dawa umeisha, hata ulete maelezo ya Wizara ya Afya utaambiwa acha ujuaji.

Mi siwacheki watu wanaoamini ushuhuda. Unakaa foleni toka alfajiri, unaingia kwa daktari hata macho hajainua ashaandika dawa, unatoka hujui unaumwa nini, halafu usiku unamcheki muuza dawa wa Instagram anakujibu hapohapo, "pole sana mama, hilo tatizo limekuanza lini?" Hapo utamwamini nani? Na hili halijaanza na simu janja, 2011 watu walimiminika Samunge kule Loliondo kwa kikombe cha dawa ya Babu, yule mchungaji mstaafu, shilingi 500, habari zilienda mdomo kwa mdomo na wapo walioacha ARV, zile dawa za virusi vya UKIMWI.

Shida ni kwamba ushuhuda unaweza kuwa wa kweli kabisa na bado ukakupoteza. Chukua vidonda vya tumbo, maumivu yake yanakuja na kuondoka, sasa mtu anatafuta dawa siku amebanwa kwelikweli, anakunywa unga wa majani sijui gani na asali, baada ya muda anapata nafuu anarekodi klipu machozi yanamtoka, na wala hadanganyi. Ila kama chanzo ni wale bakteria wa H. pylori, ambao ndo wanahusika na vidonda vingi, wanaweza kuwa wamo tu. Daktari Barry Marshall wa Australia aliwanywa mwenyewe 1984 kuonyesha wanaumiza tumbo, na hata yeye hakuishia kusema nimeugua niaminini, aliingizwa kamera tumboni akachukuliwa vipimo, wenzake wakaendelea kuchunguza, tuzo ya Nobel yenyewe yeye na mwenzake Robin Warren wameipata 2005.

Presha sasa ndo balaa, maana mara nyingi haiumi. Shangazi yangu wa Mbagala aliacha vidonge akahamia maji ya kitunguu saumu ya kwenye WhatsApp, akawa anatuambia "mwanangu najisikia mwepesi", tukambembeleza akapime duka la dawa pale jirani, mashine ikasoma 190 kwa 110. Mwepesi wa wapi!

Mi siku hizi nikifungua habari ya tiba natafuta sehemu inayosema dawa haimfai nani, ina madhara gani, ikishindwa ufanyeje. Nisipoiona, halafu chini kuna namba ya simu na "tunatuma mikoani", nafunga. Ikiwa na ile mishale miwili ya WhatsApp ujue ishapita mikono mingi, na kupita mikono mingi sio kupimwa. Na chupa moja inayotibu sukari, presha, uzazi na nguvu za kiume, hiyo hata sihangaiki nayo.

Ila madaktari nao, mgonjwa akisema "nimeona mtandaoni" baadhi yenu mnanuna kama mmetukanwa. Mwambie afungue simu muangalie pamoja, hata dakika mbili. Ukimnunia, siku nyingine anaficha, na we unamwandikia dawa hujui kwamba nyumbani kuna chupa nyingine anakunywa asubuhi na jioni.