Warsha za kuchora shule pamoja na wanafunzi, zinalipa au zinachelewesha?

Mwishoni mwa 2021 Tanzania ilijenga madarasa 15,000 kwa mkupuo mmoja, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi (zile ndogo zinazojengwa karibu na watoto wanaoishi mbali na shule mama), hela zikitoka kwenye ule mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa IMF wa mambo ya UVIKO. Kila darasa shilingi milioni 20, ramani moja nchi nzima, fosi akaunti (yani shule yenyewe inanunua vifaa na kusimamia ujenzi bila mkandarasi), mafundi wa hapohapo, na Januari 2022 watoto wa kidato cha kwanza wakaingia wote kwa pamoja bila kusubiri chaguo la pili. Naanza na hilo makusudi, kwa sababu mtu yeyote anayekuja na habari za warsha za usanifu, yani msanifu akae na wanafunzi, walimu na wazazi wachore na kutengeneza modeli ya shule wanayoitaka kabla ramani haijafungwa, lazima kwanza ajibu hoja hiyo. Ungesimama Oktoba 2021 ukasema ngoja tufanye warsha kila shule, watoto wangapi wangebaki nyumbani?

Hoja ya ramani moja ina nguvu kuliko wasanifu wengi wanavyotaka kukubali. Mainjinia wa halmashauri ni wachache na shule za kusimamia ni nyingi, ramani ikiwa moja wanajua kenchi zinakaaje, nondo ngapi kwenye linta, BOQ, ile orodha ya vifaa, kazi na gharama zake, haipindishwi kirahisi, na diwani mwenye sauti hawezi kuifanya shule ya kata yake iwe ya kifahari huku ya jirani inabaki boma. Hata Uingereza wamepita humo. Mwaka 2004 walianza mpango wa kujenga upya sekondari zao, paundi bilioni 55, Julai 2010 serikali mpya ikaufuta ikilalamikia urasimu na gharama, na 2012 wakaja na ramani za mfano ambazo zilikataa hata kuta za kupinda. Kama wao wenye hela zao walirudi kwenye ramani ya kawaida, sisi tusijifanye hatuoni kwanini.

Lakini sasa ingia ndani ya darasa lenyewe. Ramani moja ina maana darasa la Makete ambako asubuhi mtoto anatetemeka na darasa la Kilwa ambako saa nane mchana shati limeganda mgongoni ni darasa lilelile, madirisha yaleyale, bati lilelile. Kiwanja kikiwa kimekaa vibaya jengo linageuzwa madirisha yatazame magharibi, kwa hiyo kuanzia saa nane jua linaingia moja kwa moja kwenye madaftari na wale wa dirishani wanasogeza madawati mpaka katikati wanabanana. Mvua ikinyesha kwenye bati lisilo na silingi bodi mwalimu ananyamaza, anageukia ubao anaandika, wanafunzi wananakili mpaka iishe, na kwa sehemu kama Tukuyu hiyo sio mara moja moja. Hivyo ni vipindi vya kujifunza vinavyopotea kila wiki na hakuna ripoti inayovihesabu.

Na wanaoyajua haya ni wanafunzi wenyewe, ndo maana mimi naona warsha ina kazi, ila sio kazi ambayo watu wengi wanaifikiria. Warsha nzuri haianzi na "chora shule ya ndoto yako", hapo utapata ghorofa na bwawa la kuogelea basi. Inaanza na kutembea. Watoto wanachora eneo la shule walivyoliona wao, wanapewa vikaratasi vya rangi, wanabandika pale wanapopenda kukaa, pale wanapoogopa kupita, pale panapochoma. Hapo ndo wasichana wa darasa la sita wanakuambia choo kipo ila njia yake inakatiza mbele ya ofisi ya walimu na pembeni ya uwanja ambapo wavulana wanacheza mpira, kwa hiyo akiwa kwenye siku zake anaona bora asije kabisa. Mwongozo wa vyoo vya shule unasema tundu moja kwa kila wasichana 20 na moja kwa kila wavulana 25, unaweza ukatimiza matundu yote na bado choo kisitumike, na hakuna atakayeliona hilo kwa kuangalia ramani ofisini.

Mfano ambao kila mtu anautaja ni Gando, Burkina Faso, shule ya msingi aliyoijenga msanifu Francis Kéré kijijini kwao, ikakamilika 2001. Watu wanasifia jengo na ni haki yake, tofali za udongo zenye saruji kidogo, dari lenye matundu, bati limenyanyuliwa juu likaachana na dari ili joto litoke, tuzo ya usanifu ya Aga Khan 2004 na Kéré mwenyewe Pritzker 2022, tuzo kubwa ya wasanifu duniani, Mwafrika wa kwanza kuipata. Ila mimi kinachonigusa zaidi ni ubishi uliokuwepo. Wanakijiji hawakuutaka udongo, wao udongo wanaujua kama nyumba inayoyeyuka na mvua, walitaka shule ya kisasa, na Kéré ilibidi aoneshe kwa vitendo, kujenga mfano watu wapande juu waruke waone kama unabomoka. Baada ya hapo watoto wakabeba mawe ya msingi, wanawake wakapiga sakafu kwa mikono pamoja. Yani hawakupata walichoomba mwanzoni, na msanifu naye hakuwalazimisha, walibishana mpaka wakaelewana. Warsha ya kuchukua oda tu, kila mtu aseme anachotaka kisha kiandikwe, haina hiyo faida.

Sasa upande wa pili wa Gando nao usemwe. Kéré alizaliwa pale, alianza kuchangisha 1998, na awamu ya kwanza ilikuwa vyumba vitatu. Huwezi kupata mtu wa namna hiyo kwa kila kijiji.

Halafu kuna Makoko, mtaa wa nyumba za juu ya maji kule Lagos, Nigeria, na ile shule ya kuelea juu ya mapipa ya plastiki iliyojengwa 2013, ikapigwa picha dunia nzima, na Juni 2016 ikaanguka kwenye mvua kubwa, bahati hakukuwa na watoto ndani. Wazo lilikuwa zuri na limetoka kwenye maisha ya watu wa pale kwenye maji, lakini jengo la mbao juu ya maji linadai fundi, bajeti na mtu wa kulikagua kila msimu. Kwa hiyo warsha yoyote isiyouliza nani atapaka rangi na nani atabadilisha bati mwaka wa kumi, hata ikitoa michoro mizuri kiasi gani, inaiachia shule mzigo.

Na hili neno la shule ya kuvutia linatupoteza pia. Chuo kikuu cha Salford kule Uingereza mwaka 2015 walitoa utafiti wa madarasa 153 kwenye shule 27 za msingi, wanafunzi 3,766, wakakuta hali ya chumba inaeleza asilimia 16 ya tofauti ya maendeleo ya watoto kwa mwaka. Nusu ya hiyo ni mwanga, joto na hewa. Mambo ya shule nzima kwa ujumla hayakuwa na uzito unaokaribia ule wa darasa lenyewe. Kwetu ambako madarasa ni tofauti sana na ya kwao namba zinaweza zisiwe zilezile, ila mwelekeo naukubali: hela ikiwa kidogo ianze kwenye dirisha, dari na kivuli, geti la kupendeza lisubiri.

Kwa hiyo mimi sitaki ramani ya kitaifa ifutwe. Msingi, linta, kenchi, upana wa chumba, hayo yabaki ya injinia, hakuna sababu ya mtoto kupigia kura nondo. Ila jengo lielekee wapi, madirisha yakae upande gani, baraza iwe pana kiasi gani, miti ipi isikatwe, choo kiwe wapi na njia yake ipite wapi, hayo yaachwe wazi na yaamuliwe shuleni kwa siku mbili, wanafunzi wakiwepo, wasichana wakikaa peke yao na mwalimu wa kike kwa sehemu ya muda. Pima kwa kamba na chokaa pale chini kwa ukubwa wake halisi watu wasimame ndani, maana mchoro wa karatasi wazazi wengi hawausomi na hawatakuambia. Na ifanyike kabla BOQ haijasainiwa. Ikifanyika baada, wale watoto wamepigwa picha za ripoti tu, na wao wanajua, mwaka mwingine ukiwauliza hawatakujibu.