Maveterani Tufundishwe Kuangalia, Mbio Tumeshakimbia

Nani aliwaambia makocha wa maveterani kwamba mtu wa miaka hamsini anatakiwa kuzungushwa uwanja mpaka ajute? Jumamosi tumekimbizwa hadi mwenzetu mmoja kashika nyama za paja, mpira wenyewe bado uko kwenye mfuko. "Pumzi, wazee wangu, pumzi!" anapiga kelele kijana mwenye filimbi.

Haya, pumzi tunaihitaji. Kitambi changu ni shahidi. Lakini nenda bonanza lolote uone magoli tunavyofungwa. Namba sita, kiungo mkabaji, anapokea pasi macho yote kwenye mpira, akishautuliza ndipo anainua kichwa kutafuta wa kumpa. Kabla hajampata, keshapokonywa. Umri unachelewesha mwili kuitikia, hilo halina ubishi. Ndiyo maana mzee anapaswa awe ameshaamua kabla mpira haujamfikia!

Mtazameni kiungo Luka Modrić, aliyebeba Ligi ya Mabingwa na Real Madrid mwaka 2024 akiwa na miaka 38. Uacheni mpira, tazameni shingo yake: bega hili, bega lile, ndipo anapokea. Kipa wa Misri, Essam El-Hadary, naye alipangua penalti ya Saudi Arabia kule Volgograd, Kombe la Dunia 2018, ana miaka 45. (Misri ilifungwa 2-1, najua, msinikumbushe.) Ile nayo ni kuzunguka uwanja?

Kuangalia kunafanyiwa mazoezi kama kitu kingine chochote. Wanne nje wanapasiana, wawili kati wanausaka mpira, kugusa mara mbili tu. Kocha anasimama nyuma ya mpokeaji na kunyanyua kizibao cha mazoezi, mara cha rangi hii, mara ile. Pasi ikiwa njiani, mpokeaji ageuke na kutaja rangi. Asipotaja, anaingia kati. Mwanzoni ni vichekesho vitupu: mtu anataja rangi kwa ufasaha, mpira unampita chini ya mguu.

Nakubali, kutaja rangi siyo mpira. Kwa hiyo shingo zikishazoea kugeuka, toa kizibao, weka mkabaji. Akikusogelea, rudisha pasi kwa mguso wa kwanza. Akibaki mbali, geuka nao uende mbele. Hapo unamsoma mtu, mabega yake na hatua zake, na kusoma watu ndiyo kazi tuliyoifanya miaka yote hii kuliko hao vijana.

Ila msiniletee zile programu za simu za kubonyeza taa zinazowakawaka. Sijawahi kuona taa ikimpokonya mtu mpira.